Charles Kettering: Mtu Aliyeipa Injini Cheche

Katika sura ya usumakuumeme umeichora koili ya uasilishaji, ukaweka mishale, ukaandika majina ya sehemu zake, na pengine ukafunga daftari bila kujiuliza kifaa hicho kinatumika wapi. Kabla hujaendelea na maswali, soma habari za mtu huyu. Koili ile unayoichora ipo chini ya boneti ya kila gari la petroli linalotoka Mpanda kwenda Inyonga au Sitalike, na ipo chini ya tangi la kila bodaboda inayokungojea pale stendi. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, hilo linajulikana. Lakini jambo ukilielewa kwa lugha unayoiota usiku, halikupotei chumbani mwa mtihani.

Charles Franklin Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Tangu utotoni macho yake yalikuwa mabovu, na kusoma kwa muda mrefu kulimletea maumivu makali ya kichwa. Alimaliza shule akawa mwalimu wa vijijini kwa muda, kisha akaingia chuo kikuu, macho yakamshinda, akaacha. Akaenda kufanya kazi ya kuchimbia nguzo na kufunga nyaya za simu. Huko ndiko alikojifunza umeme kwa mikono. Waya ulikatika mahali fulani katika kilomita nyingi za porini, na yeye alitakiwa kuutafuta. Hakuwa na njia ya kuukagua wote. Ilimbidi apime katikati, ajue ubovu uko upande gani, kisha akate tena nusu iliyobaki. Kumbuka mbinu hii, tutairudia.

Alirudi chuoni na kuhitimu uhandisi mwaka 1904 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Alikuwa na umri wa miaka 27, yaani mkubwa kuliko wenzake wengi darasani. Mtahiniwa unayerudia mitihani baada ya miaka kadhaa nje ya shule, hesabu hiyo itakuhusu.

Kazi yake ya kwanza baada ya chuo ilikuwa katika kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha dukani, mjini Dayton. Mashine hizo ziliendeshwa kwa kuzungusha mkono. Kettering aliambiwa aziwekee mota ya umeme, na wahandisi wengine walidai haiwezekani, kwa kuwa mota yenye nguvu ya kutosha ingekuwa kubwa mno. Yeye aliona jambo ambalo wao hawakuliona: mota ile haikuhitajika kufanya kazi mchana kutwa. Ilihitajika kwa sekunde moja tu, kisha ipumzike. Mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi kwa muda mfupi bila kuungua. Unaposoma juu ya nguvu, nishati na muda katika fizikia, tofauti ya maneno hayo matatu ndiyo iliyomfanya afaulu pale wengine waliposhindwa.

Rafiki yake kazini, Edward Deeds, alikuwa na banda nyuma ya nyumba yake. Kettering na wenzake kadhaa walianza kukutana humo jioni na siku za mapumziko, wakitengeneza vifaa vya magari. Mwaka 1909 walisajili kampuni iliyokuja kujulikana kwa kifupi cha Delco.

Tatizo la kwanza walilolishika ni cheche. Ili petroli iliyochanganyika na hewa iwake ndani ya silinda, plagi lazima itoe cheche kwa wakati hasa pistoni inapokaribia juu. Magari mengi ya wakati ule yalitumia koili zilizotetema kama kengele ya umeme na kutoa mvua ya cheche dhaifu pale ilipotosha moja. Betri kavu ziliisha upesi na dereva alikwama njiani. Kettering alitengeneza mfumo uliotoa cheche moja yenye nguvu kwa kila mpigo, na kuokoa betri. Kampuni ya Cadillac iliagiza maelfu ya vifaa hivyo kwa magari yake ya mwaka 1910.

Hapa simama uelewe unavyofanya kazi, maana maswali hutoka hapa. Mfumo uliokuja kuitwa kwa jina lake, na uliotumika katika magari ya dunia nzima kwa zaidi ya nusu karne, una sakiti mbili. Ya kwanza ni ya volti ndogo: betri, swichi, waya mnene wa mizunguko michache ndani ya koili, na vigusano viwili vya chuma vinavyofunguliwa na kufungwa na injini yenyewe. Vigusano vikifunga, mkondo hupita na uga wa sumaku hujengeka katika kiini cha chuma. Vikifunguka, mkondo hukatika ghafla na uga ule huanguka. Sumaku inayobadilika huzaa umeme, kama Faraday alivyoonyesha mwaka 1831, na kadiri inavyobadilika haraka ndivyo umeme unavyokuwa mkubwa. Waya mwembamba wenye mizunguko maelfu, uliozungushwa juu ya kiini hichohicho, hupata volti elfu nyingi, za kutosha kuruka pengo la plagi. Kapasita huwekwa sambamba na vigusano ili cheche isiruke pale mahali pasipotakiwa, na ili mkondo ukatike kwa kasi zaidi. Watahiniwa wengi husema kapasita ipo ili kuhifadhi umeme wa cheche. Katika mfumo huu si kweli, nishati ya cheche imehifadhiwa katika uga wa sumaku. Usipoteze alama hapo.

Baada ya cheche ikaja kazi ya kuwasha gari. Wakati ule injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma mbele ya gari. Injini ikiwaka kinyume, hendeli ilirudi kwa nguvu na kuvunja mkono, au taya. Inasimuliwa kwamba Byron Carter, mtengenezaji magari aliyefariki mwaka 1908, aliumizwa hivyo alipokuwa akimsaidia mwanamke ambaye gari lake lilizima barabarani, na kwamba Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alihuzunika kwa kuwa Carter alikuwa rafiki yake. Leland alitaka hendeli iondolewe. Kettering aliikumbuka mota ya mashine ya dukani. Injini nayo huhitaji kuzungushwa kwa sekunde chache tu. Mota ndogo iliyobebeshwa mzigo mkubwa kwa muda mfupi ilitosha, na gari likishawaka, kifaa kilekile kiligeuka kuwa jenereta na kuirudishia betri umeme wake. Cadillac za mwaka 1912 zilitoka na stata, taa za umeme na mfumo wa cheche, vyote vikitegemea betri moja.

Sasa tunafika mahali ambapo maisha ya mtu huyu yanakuwa na uzito zaidi kuliko orodha ya vifaa.

Injini za miaka ile zilianza kugonga. Ukipanda mlima na gari lililobeba mzigo, ukasikia mlio wa chuma kama mtu anapiga nyundo ndani ya silinda, huko ndiko kugonga. Watu walimnyooshea kidole Kettering. Walisema kugonga kulianza baada ya mfumo wake wa cheche kuingia katika magari, kwa hiyo cheche yake ndiyo chanzo. Ukiangalia haraka, shutuma ina mantiki: kitu kipya kimeingia, ubovu mpya umeonekana. Lakini vitu viwili kufuatana si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine, na ni kosa ambalo fundi na mtahiniwa hulifanya kila siku.

Kettering hakubishana. Alimpa kazi kijana mhandisi, Thomas Midgley, apime shinikizo ndani ya silinda wakati injini inagonga. Kama cheche ya mapema ndiyo mbaya, shinikizo lingepanda isivyo kawaida kabla ya cheche au papo kwa papo. Vipimo vilionyesha vingine: uwakaji ulianza vizuri, kisha baadaye, sehemu ya mafuta ambayo moto ulikuwa haujaifikia ililipuka yenyewe. Cheche haikuwa na hatia. Ubovu ulikuwa katika mafuta.

Wakaanza kutafuta kitu cha kuongeza kwenye mafuta. Kettering alifikiria kwamba pengine mafuta yenye rangi nyekundu yangefyonza joto vizuri zaidi, akakumbuka mmea wa kwao wenye majani mekundu unaochanua mapema wakati bado kuna baridi. Midgley akatia iodini, rangi ikawa nyekundu, kugonga kukapungua. Wazo limethibitika? Angalia walichofanya baadaye, maana ni somo zima la njia ya kisayansi. Walitia rangi nyingine nyekundu zisizo na iodini, na injini ikaendelea kugonga. Wakatia kiasili cha iodini kisicho na rangi, kugonga kukapungua. Kwa hiyo rangi haikuhusika kabisa, iodini ndiyo iliyofanya kazi. Wazo la Kettering lilikuwa kosa lililowafikisha kwenye jibu, na wao walikuwa waaminifu vya kutosha kulipima na kulitupa.

Walijaribu vitu vingi sana. Tarehe 9 Desemba 1921 walitia kiasili cha risasi, na kiasi kidogo mno kilitosha kunyamazisha injini. Petroli yenye risasi ilianza kuuzwa mjini Dayton Februari 1923.

Risasi ni sumu. Hilo halikuwa siri, lilijulikana tangu enzi za Warumi, na Midgley mwenyewe aliugua kwa kuishughulikia. Mwaka 1924 Kettering alikuwa rais wa kampuni mpya iliyouza bidhaa hiyo, na mwezi Oktoba mwaka huo wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu yake, wengine makumi wakilazwa, baadhi wakiwa wamepagawa. Uuzaji ulisimamishwa mwaka 1925, serikali ikaitisha kikao cha wataalamu, na mwaka 1926 petroli ile ikarudi sokoni. Kettering aliitetea. Yeye na Midgley walijua kwamba ethanoli nayo huzuia kugonga, walikuwa wameijaribu. Ila ethanoli ilihitajika kwa wingi, na haikuwa kitu ambacho kampuni ingeweza kukimiliki kwa hataza.

Vitabu vingi vya mitihani hupita hapa haraka, au huandika kwamba aliboresha petroli kisha wakaendelea. Mimi naona si haki kwako. Mtu huyuhuyu aliyekataa kuikubali lawama juu ya cheche mpaka vipimo vifanyike, hakudai vipimo vya namna hiyo kwa moshi uliokwenda kuvutwa na watoto wa mitaani dunia nzima kwa miaka karibu mia moja. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwemo, ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Kama umezaliwa baada ya 2006, wewe ni katika kizazi cha kwanza hapa kwetu kilichokulia nje ya moshi huo.

Kwa mwanafunzi wa Katavi neno risasi halipaswi kuwa geni. Reli ya tawi kutoka Kaliua mpaka Mpanda, ndefu zaidi ya kilomita 200, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 hasa kwa ajili ya mgodi wa risasi uliokuwa karibu na Mpanda. Treni unayopanda kwenda Tabora inapita juu ya njia iliyowekwa kwa ajili ya madini hayo. Risasi hiyohiyo, kama elementi, ndiyo iliyomo katika bamba za betri ya gari, ambako ina kazi halali na huweza kukusanywa na kuyeyushwa upya. Ila usiyeyushe betri mbovu nyumbani, wala usimwage asidi yake uani. Katika swali la kemia linalotaka matumizi na madhara ya risasi, una mifano miwili mikononi.

Kettering aliongoza utafiti wa General Motors kuanzia mwaka 1920 mpaka 1947. Alihusika na injini za dizeli za treni, na rangi za magari zinazokauka upesi. Mwaka 1945 taasisi ya utafiti wa saratani mjini New York ilianzishwa ikibeba jina lake pamoja na la Alfred Sloan. Alifariki Dayton tarehe 25 Novemba 1958.

Alipokufa, transista ilikuwa inakaribia umri wa miaka kumi na moja. Katika miaka ya 1960 na 1970 transista iliingia katika mfumo wake na kuondoa vigusano, ambavyo vilikuwa vikiungua, vikilika na kutaka kurekebishwa kila mara. Koili ilibaki. Betri ilibaki. Plagi zilibaki. Kilichobadilika ni swichi: badala ya vyuma viwili kufunguka, sensa huhisi meno ya gurudumu yakipita, hutuma ishara ndogo kwenye kisanduku cha kielektroniki, na transista ndani yake hukata mkondo wa koili. Ndiyo maana ukiulizwa transista kama swichi, huu ni mfano bora kuliko taa ya darasani.

Pikipiki nyingi za bodaboda zina mpangilio mwingine, ule ambao mafundi huuita CDI. Humo kapasita huchajiwa kwa volti mamia kadhaa, kisha hufunguliwa ghafla imwage chaji yake katika koili. Hapo, tofauti na mfumo wa Kettering, nishati ya cheche kweli imehifadhiwa katika kapasita. Swali la kulinganisha mifumo hii miwili ni zuri sana, na jibu lake liko katika sentensi hizi mbili.

Rudi sasa kwenye mbinu ya waya wa simu. Chukua gari la petroli limezima kati ya Mpanda na Sitalike, jioni, na mbele yako kuna hifadhi yenye simba na tembo. Stata inazungusha injini vizuri, lakini haiwaki. Fundi mbaya huanza kubadilisha vifaa: plagi mpya, koili mpya, kisha kisanduku, mpaka fedha ya mwenye gari iishe. Fundi mzuri hupima katikati. Cheche ipo au haipo? Anatoa plagi, anaichomeka kwenye waya wake, analaza kiwiliwili chake cha chuma juu ya injini mbali na petroli, mtu mwingine anazungusha stata. Hashiki waya kwa mkono, na hauachi waya wa volti kubwa ukining'inia bila plagi, kwa sababu volti ikikosa pa kurukia inaweza kuua kisanduku. Cheche ikiwa ya buluu na kali, sakiti yote ya umeme ni nzima, nusu ya gari imeshaondolewa katika mashaka, atafute mafuta. Cheche isipokuwepo, anapima tena katikati: je, volti 12 zinafika kwenye koili swichi ikiwa imewashwa? Zisipofika, ubovu uko nyuma, kwenye fyuzi, swichi au waya. Zikifika, anaangalia kama mkondo wa koili unakatwa na kurudi injini inapozunguka. Unakatwa lakini cheche hakuna, koili au waya wa plagi ni mbovu, na multimita itaonyesha: mzunguko wa kwanza una ukinzani wa omu chache au chini ya moja, wa pili una maelfu ya omu. Haukatwi kabisa, basi ni sensa, kisanduku, au waya wa athi.

Huo waya wa athi usiudharau. Barabara ya vumbi yenye makunyanzi hutikisa viunganishi mchana kutwa, na mvua za Desemba huviotesha kutu. Kiunganishi kilicholegea huleta dalili zilezile za kisanduku kilichokufa, na dawa yake ni kukisafisha na kukikaza, bila kununua kitu.

Lipo jambo moja zaidi ambalo huwatatiza hata mafundi wazoefu. Gari linawaka vizuri asubuhi, linatembea nusu saa, linazima. Unangoja dakika ishirini, linawaka tena kana kwamba halijaumwa. Ukilipima limepoa, kila kitu ni kizima. Fikiria kwa kutumia fizikia yako: nini hubadilika injini ikipata moto? Chuma na shaba hutanuka, waya uliokatika ndani ya sensa au koili huachana, ukinzani hupanda, na transista iliyochoka huvuja mkondo. Kwa hiyo kipimo lazima kifanyike wakati gari limezima, likiwa bado na moto, na kabla dereva hajarudi kutoka kununua maji.